Mikanda ya Bwire Niliyoikunja

Ko. Halafu, baada ya kitambo kidogo, ko.

Ni mpini wa spana unagonga bamba la chuma kando ya bolti ya juu, kisha kando ya bolti ya chini. Nilistaafu mwezi uliopita na bado naamka asubuhi nikiutegea sikio mlio huo. Bolti iliyokaza sawasawa hulia kifupi na kikavu, kama mtu aliyejibu "ndiyo" akafunga mdomo. Iliyolegea hulia kwa kurefusha, ngeee, kama mtu mwenye visingizio. Mzee Masalu, aliyenifundisha kazi, hakuwa na kipimo kingine, na sikumbuki mzamiaji wake hata mmoja aliyechomokwa na mtungi akiwa chini ya maji.

Ninyi wadogo zangu wa karakana mliniomba niandike mambo ya zamani kabla sijayasahau. Mimi ni wa darasa la saba, na hata hilo la saba nilikuwa naangalia zaidi dirishani. Mtanivumilia. Lakini kuna swali ambalo kila kijana mpya ananiuliza na kila mmoja nimemkwepa: lile bamba linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, lenye mikanda mifupi, ni la nani? Mmelipa jina, bamba la mtoto. "Shangazi, kumbe zamani mlikuwa mnazamisha watoto?" Mimi nilikuwa nacheka na kuwatuma chai. Leo nawajibu.

Nilifika pale miaka ya tisini, soko huria likiwa ndiyo limefunguliwa. Ghala ni lile lile la mabati mnalolijua, pale ufukweni. Lilikuwa mali ya shirika la umma, shirika likauzwa vipande vipande, na tajiri mmoja akanunua ghala, boti na wazamiaji, kama mtu anayenunua nyumba na paka wake. Kazi zilikuwa nyingi. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga, na kila kiwanda kina bomba la kuvuta maji ziwani, na kila bomba huziba. Meli zilitaka kusafishwa matumbo. Wavuvi walikuwa wanaangusha injini za mitumbwi yao majini, kisha wanakuja wakilia kama waliofiwa.

Mimi nilikuwa nashona barazani Mirongo, mapazia na sare za shule, kwa cherehani ya kuazima. Kichwa kilikuwa kimejaa ndoto kama kapu la dagaa. Ndoto kubwa kuliko zote ilikuwa ya mawe. Mwanza mnaijua, mawe kila mahali, mengine yamebebana mlimani na mengine yamesimama ziwani peke yao. Tangu mtoto nilikuwa najiuliza, yale ya ziwani yamesimama juu ya nini? Yana miguu? Nilipomuuliza mwalimu alinichapa, kwa sababu lilikuwa somo la hesabu. Kwa hiyo nilipoitwa nikashone turubai mahali wanakofanya kazi wazamiaji, nilienda mbio.

Mzee Masalu nilimkuta amekaa juu ya ndoo, anasugua nati kwa mswaki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mapazia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hapa hakuna dirisha."

Akanitupia kipande cha mkanda wa nailoni, ule wa kufungia mizigo kwenye malori, akaniambia nikikunje na kukishona. Nilishona kwa mkono, sindano ya turubai na uzi uliopakwa nta. Alipokipokea hakukiangalia. Alikitundika kwenye kenchi, akaning'iniza mtungi mzima wa hewa, akaenda kunywa chai. Alikunywa polepole sana siku ile. Aliporudi mtungi ulikuwa pale pale. "Umekaa," akasema. Hiyo ndiyo sifa niliyoipata mwaka ule, na ilinitosha.

Sasa niwaeleze vifaa, maana ninyi mmezoea kufungua boksi na kila kitu kinaingia mahali pake, hamjui tabu yetu. Mgongoni mwa mzamiaji kuna bamba. Kwenye bamba ndiko inakopita mikanda ya mabega na ya kiuno. Nyuma ya bamba linalala bawa, ule mfuko unaojazwa hewa ili mtu aelee asizame kama jiwe. Nyuma ya bawa ndipo mtungi, au mitungi miwili iliyofungwa pamoja kwa bangili za chuma. Bolti mbili zinatoka kwenye bangili, zinapenya bawa, zinapenya bamba, na nati zinakaza upande wa mgongo, kwenye mfereji ulio katikati ya bamba. Ndiyo maana bolti hugongwa kabla mtu hajavaa. Akishavaa, nati ziko kwenye uti wake wa mgongo na huzioni tena. Mitungi ile miwili sisi tuliiita Kulwa na Doto, kama pacha wengine wowote wa Kisukuma. Kulwa alikaa kulia.

Zamani za shirika vifaa vyote vilitoka nchi moja, na bolti ya huyu ilimfaa yule. Soko lilipofunguliwa vikaanza kuja mitumba, na mitumba haina kwao. Bangili za nchi hii, bawa la nchi ile, matundu ya bamba moja yameachana inchi kumi na moja na ya lingine yameachana anavyojua aliyeyatoboa. Mitungi minene, mitungi miembamba. Vali moja inafungwa kwa kuzungusha, nyingine kwa kubana. Na ubaya kuliko wote ulikuwa bolti za milimita na bolti za inchi. Bolti ya milimita nane ina ndugu yake wa inchi anayefanana naye kwa unene, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Nati ya huyu ukiipeleka kwa yule inaingia mizunguko miwili, halafu inakaza. Mkono unakwambia imekaza. Spana nayo inakwambia imekaza. Kumbe imejing'ang'ania yenyewe tu, bamba halijabanwa. Sikio peke yake ndilo halidanganyiki, ngeee. Mzee Masalu alisema nati za namna hiyo ziko nyingi duniani, na nyingine zimefunga ndoa.

Mabamba tuliyatengeneza wenyewe. Viwanda vya minofu vilikuwa na meza za chuma kisichoshika kutu, na vilipobadilisha meza sisi tulikwenda kuchukua vipande. Mzee alikuwa anakikata kipande, anakilaza juu ya gunia la mchanga, na kukigonga kwa nyundo ya mbao mpaka kikunjike sawa na mgongo wa mtu mmoja. Mtu huyo husimama pale pale bila shati, analijaribu, linavuliwa, linagongwa tena. Kwa hiyo kila bamba lilikuwa la mwenyewe. Haliazimwi. Ukivaa la mwenzako, unarudi na michubuko na maneno. Na Mzee alikuwa na sharti lake jingine: bamba la mtu halitobolewi tundu jipya ili bangili fulani iingie. Bangili ndiyo itafutiwe njia. "Hilo ni mgongo wake," alikuwa anasema. "Utautoboa mgongo wa mtu kwa sababu umekosa bolti?"

Bamba nililolishonea mikanda ya kwanza lilikuwa la Bwire.

Bwire alikuwa Mjita, kutoka vijiji vya ufukweni upande wa Musoma, jitu la mtu. Alipolijaribu bamba lake Mzee alilalamika kwamba amemaliza meza nzima. Mikanda yake ilikula nailoni mpaka nikaunga. Vibano vya kurekebishia urefu vilikuwa havipatikani siku zile, kwa hiyo mkanda ulikatwa kwa kipimo cha mtu na kushonwa, basi. Mtu mzima hakui tena mabega, ndivyo tulivyofikiri.

Alikuwa na mdomo. "Nyie watu wa michembe," alikuwa ananiambia mimi Msukuma, kwa ajili ya viazi vyetu vya kukausha, "maji mnayaona mazuri yakiwa kwenye sufuria." Nami nilikuwa namjibu kwamba Mjita akikosa samaki siku moja anapoteza dini. Nilipomweleza habari ya miguu ya mawe hakunicheka. Alisema, "Nitakwenda kukuangalizia." Na kweli, kila aliporudi kutoka majini, akiwa bado anadondosha maji, aliniletea taarifa.

"Nimeyaona leo. Yamevaa viatu."

"Viatu gani, kaka?"

"Vya matope. Na soksi za majani."

Siku nyingine alisema yamekunja nne, siku nyingine kwamba yamekwenda kuoga. Deusi, mzamiaji mwenzake, alikuwa ananiambia, "Minza, huyu anakudanganya mchana kweupe." Nilijua. Lakini nilikuwa nazingoja taarifa zile kuliko mshahara. Aliniahidi kwamba iko siku watanigongea bamba langu mwenyewe, dogo, na yeye atanishika mkono tushuke pamoja pale penye kina kifupi. Mzee Masalu alikuwa anasikia na hakusema hapana, na kwa Mzee hiyo ilikuwa ni ndiyo.

Mkunjo wa kwanza aliuomba mwenyewe, kwa mzaha. Mikanda ya mabega ilikuwa inamteleza. "Mnanilisha vibaya," alisema. Nikakunja mkanda kila bega, upana wa vidole viwili, nikashona juu yake. Nikajisifu moyoni kwamba hauonekani.

Baada ya mvua za masika nikaongeza mwingine. Alikuwa ameumwa malaria, alisema. Halafu kifua. Mshipi wa kiunoni, aliokuwa anauvaa na vipande vya risasi ili azame, ukaanza kupungua kipande kimoja kimoja, maana mtu mwenye nyama huelea na asiye na nyama huzama bila kusaidiwa. Vipande vile alikuwa anavirudisha rafuni bila kusema. Mimi ndiye niliyekuwa napanga rafu.

Mnajua siku zile. Mtaani ugonjwa ule ulikuwa na majina mengi, lakini karakana haukuwa na jina hata moja. Dawa mnazozijua leo zilikuwa bado hazijatufikia. Mtu alikuwa anapungua, watu wanaangalia pembeni, basi. Wengine walikuwa wanaangalia uso wake. Mimi nilikuwa naijua mikanda. Nilijua kabla ya Deusi, na nadhani kabla ya mke wake. Ni kitu kigumu kukijua ukiwa msichana wa umri ule. Nilikuwa nashona kwa mkono mwepesi na kuzungumza sana, hadithi za sinema za video, hadithi za majirani zangu wa Mirongo, ili asisikie ninavyovuta uzi.

Alipofikia mkunjo wa tatu bamba lenyewe likaanza kumkataa. Lilikuwa limegongewa mgongo wenye nyama, sasa kingo zilikuwa zinakaa juu ya mifupa. Nikakata blanketi kuukuu nikashonea mto mwembamba kwa ndani. Alipouona aliupapasa.

"Umenitandikia kitanda, mdogo wangu."

"Ili usilale huko chini, kaka."

Akacheka mpaka akakohoa, na alikohoa muda mrefu kuliko alivyocheka.

Siku hiyo ndiyo nilimuuliza kwa nini asipumzike. Angeweza kukaa nasi nchi kavu, kukagua vifaa, tajiri asingekataa. Aliangalia ziwani.

"Minza, nikitembea kutoka nyumbani hadi hapa napumzika njiani kama bibi kizee. Watoto wa shule wananipita. Lakini nikishuka majini sina uzito. Nageuka ninavyotaka. Kule chini mimi bado ni yule yule." Halafu akasema, "Usiniondolee hapo."

Tangu hapo nilielewa kwamba nikishona mikanda yake naulinda mlango wa mahali pekee ambapo mtu huyo alikuwa bado mzima.

Kulwa na Doto walikuwa wamemshinda. Mitungi miwili ya chuma, hata Deusi ilikuwa inamyumbisha kabla hajafika kwenye ngazi. Mzee Masalu akaamua tumpe mtungi mmoja. Mtadhani ni kazi rahisi, unatoa miwili unaweka mmoja. Kwanza, bawa lake lilikuwa pana, la kufaa mitungi miwili. Tulipolifunga kwenye mtungi mmoja tukalijaribu kwenye pipa la maji, lilikunjamana pande zote na kuukumbatia mtungi kama mtoto aliyebebwa mgongoni, hewa ikabaki imenaswa mikunjoni haitoki. Mtu akitaka kushuka hashuki, akitaka kupanda anapanda bila breki. Tukatafuta kwenye marundo ya mitumba, tukapata bawa jembamba, zuri, ila halikuwa na matundu ya bolti. Lilitengenezwa la kupitisha mikanda tu. Na bangili ya mtungi mmoja nayo ilikuwa ya mkanda na kibano, haina bolti, haikujua kabisa habari za bamba letu.

Njia ya mkato ilikuwa kutoboa bamba matundu manne na kupitisha mkanda wa bangili humo. Tajiri mwenyewe alikuja akasema hivyo, drili si ipo? Mzee alisema drili ipo. Tajiri akangoja. Mzee akaendelea kusugua nati. Tajiri akaondoka.

Kisha Mzee akachukua kipande cha chuma chenye umbo la mfereji, akakitoboa matundu mawili ya inchi kumi na moja ili kikubaliane na bamba la Bwire, na pembeni akachomelea masikio ya kupitishia mkanda wa bangili. Kikawa kama mshenga katikati ya watu wawili wasiojuana lugha. Kwa bawa, kazi ilikuwa yangu. Nililitoboa, nikaweka macho ya shaba ya turubai, nikazungushia kitambaa cha nailoni na kushona mara mbili, kisha nikaliweka ndani ya pipa kuangalia kama linatoa mapovu. Halikutoa hata moja. Nilifurahi, nikacheza pale kando ya pipa. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa najua mtu huyo anakufa, na nilikuwa nacheza kwa sababu bawa halivuji.

Alizamia na vifaa hivyo. Kazi yenyewe ilikuwa upande wa Ilemela, bomba la kiwanda lililoziba karibu na ufukwe, na njiani kuna yale mawe yaliyosimama majini. Nilipanda boti pamoja nao. Mapovu yake yalikuwa yanakuja juu taratibu, yamepangana, na Deusi akasema, "Ona anavyopumua. Kama zamani." Tuliyaangalia mapovu yale. Alipomaliza bomba hakuja juu moja kwa moja. Mapovu yalielekea kwenye mawe, yakazunguka, yakakaa huko.

Alipofika kwenye ngazi ya boti hakuweza kupanda. Alishika ngazi, akaweka paji la uso wake juu ya mkono, akatulia. Nililala kifudifudi nikafungua bizimu zake ndani ya maji, Deusi akauvuta mtungi na bamba lake, na baada ya hapo tukamvuta yeye. Hakuwa mzigo. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakuwa mzigo.

Alipopata pumzi aliniita. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Nimekwenda kuangalia. Leo sikudanganyi."

"Niambie."

"Hayana miguu. Yamekaa juu ya mawe mengine, na hayo juu ya mengine, yanashuka hivyo mpaka gizani. Na kwenye nyufa kuna furu, wale samaki wadogo wa buluu. Watu wanasema sangara wamewamaliza. Hawajawamaliza. Wamejificha kwenye nyufa, sangara hapenyi."

Nilimuuliza ni buluu ya namna gani. Alifikiri, akasema, "Kama sare ya shule ikiwa mpya."

Tulipofika karakana nililiinua bamba kwenda kulisuuza, na yeye, amekaa kwenye benchi na blanketi begani, akasema, "Hebu livae."

"Mimi?"

"Si nilikuahidi bamba? Livae."

Nikavaa. Nikaingiza mikono, nikafunga bizimu ya kiunoni. Lilinikaa. Mikanda haikubana wala haikuteleza, ilikuwa saizi yangu kabisa, mimi niliyekuwa mwembamba hata nikisimama kwenye upepo mama ananishika mkono. Bwire akapiga makofi. "Tazama, Deusi. Linamtosha." Deusi alikuwa ameanza kucheka, akaacha katikati. Mzee Masalu alinigeuzia mgongo akawa anatafuta kitu kwenye sanduku la spana, alikitafuta muda mrefu, na alipogeuka mkononi hakuwa na kitu.

Asubuhi iliyofuatia kulikuwa na kazi nyingine, ya meli, kina kirefu kidogo. Bwire alifika amevaa suti yake ya mpira, imemlegea shingoni. Desturi yetu ilikuwa hivi: vifaa vinasimamishwa juu ya meza, mzamiaji anasimama mbele ya meza amevigeuzia mgongo, anangoja milio miwili. Akiisikia anarudi hatua moja nyuma na kuingiza mikono kwenye mikanda. Asipoisikia hashuki siku hiyo. Hakuna kuuliza na hakuna kuelezwa. Zamani Mzee aliwahi kumnyima mlio mtu aliyekuja na harufu ya gongo, na mwingine aliyefiwa na mtoto jana yake. Hawakumlaumu.

Bwire akasimama, amegeuza mgongo, mikono kiunoni.

Mzee akakaza nati. Akaigeuza spana ashike upande wa kichwa, mpini ukaelekea bamba. Kisha akanipa mimi.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya chini.

"Mimi najua chuma," akasema. "Mikanda umeishona wewe."

Nilisimama pale na spana. Bamba lilikuwa mbele yangu, mikunjo yangu yote juu yake, mshono juu ya mshono. Bolti zilikuwa sawa, nilijua bila kugonga. Bawa lilikuwa sawa, kile kipande cha mshenga kilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa kimekubaliana na kila kitu. Maneno yake nayo nilikuwa nayasikia, usiniondolee hapo.

"Mzee, umesinzia?" Bwire akauliza bila kugeuka.

"Spana anayo Minza," Mzee akasema.

Mabega ya Bwire yalishuka kidogo. Maji yalikuwa yanapiga gati.

"Minza."

"Abee, kaka."

"Bolti zimekaza?"

"Zimekaza."

Akangoja. Nami nikangoja, sijui ningoje nini. Jana yake nilikuwa nimeshika ngazi ya boti na paji la uso wake lilikuwa karibu na uso wangu, na nilikuwa nimeona. Niliiweka spana mezani polepole ili isitoe mlio wowote, hata wa bahati mbaya.

Akajifungulia suti shingoni.

"Nilijua watu wa michembe mtakuja kuninyima maji," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alivaa shati lake na kukaa kwenye benchi, na Deusi akashuka badala yake, na aliporudi Bwire ndiye aliyemfungua bizimu.

Aliendelea kuja. Alikuwa anakagua nati, anazitenganisha za inchi na za milimita kwenye makopo ya maziwa, na hakukosea hata moja. Halafu siku nyingine hakuja, halafu ikawa haji. Tulimzika kwao, karibu na maji, wakati wa kiangazi. Mkewe alinishika mikono yote miwili akaniambia Bwire alikuwa anamsimulia kuhusu msichana wa miguu ya mawe.

Bamba hakupewa mtu. Tajiri alilitaka mara moja kwa ajili ya mzamiaji mpya, Mzee akamwambia halimtoshi mtu yeyote, na kwa mikanda ile ilikuwa kweli. Alilitundika kwenye msumari pamoja na kipande chake cha mshenga, likiwa limefungwa bolti zake. Mzee mwenyewe naye alikuja kufariki, spana yake ikabaki kwangu. Milio yote mliyoisikia ninyi nimeigonga nayo. Mimi sikuzamia kamwe. Bamba la saizi yangu lilikuwepo, lakini aliyekuwa anishike mkono hakuwepo, na baadaye magoti yakaanza kutoa sababu zake.

Sasa mnajua. Hakuna mtoto aliyezamishwa. Alikuwa mtu mkubwa kuliko ninyi nyote, na mikunjo ile ni yangu.

Siku yangu ya mwisho, mlipokwenda kuchukua soda za kuniaga, mkachelewa kama kawaida yenu, nilifunga mlango wa stoo. Nililishusha bamba nikaliweka juu ya meza. Uzi ulikuwa umekauka, wembe ulipita bila shida. Nilifumua mkunjo wa mwisho, halafu ule wa kabla yake, mpaka wa kwanza kabisa, ule niliojisifu kwamba hauonekani. Nje mkanda ulikuwa umepauka rangi ya jivu, ndani ya mikunjo ulikuwa bado kijani kibichi, kama siku nilipoukata. Ulirefuka, ukarefuka, mpaka ukaning'inia nje ya meza. Nikakaza nati zote mbili. Nikageuza spana.

Ko.

Ko.

Halafu nikasogea pembeni ya meza, nikampisha.